Sasisho Lisilopiga Hodi

Programu za kupiga simu kwa intaneti, yaani zile zinazoikata sauti ya msemaji kuwa vipande vidogo vya data na kuvipeleka kwa msikilizaji bila kugusa kredo ya kawaida ya simu, zimezoeleka Nakuru na Bonde la Ufa la kati kiasi kwamba wengi wanaozitumia hawazihesabu tena kuwa teknolojia. Vyama vya akina mama wa Njoro huzitumia kuitisha mikutano na kukumbushana michango. Wakulima wa viazi wa Molo na Mau Narok huwaonyesha madalali mzigo kwa video kabla lori halijatumwa. Wazazi wa Subukia na Bahati huona humo nyuso za watoto wao walio kazini Ghuba. Na tangu mahakama za Kenya zihamishie vikao vingi kwenye video mwaka 2020, hata wakili na mteja wake hukutana humo. Wote hao wanategemea chombo ambacho hawakukinunua, hawakimiliki, na ambacho kinaweza kugeuzwa sura usiku wakiwa wamelala. Wanapolalamika kwamba programu imejisasisha bila wao kutaka na kwamba kitufe cha kupigia simu hakionekani kilipokuwa jana, malalamiko yao huchukuliwa kuwa ushamba au uzee. Hilo si kweli. Malalamiko hayo yana mantiki, na kiini chake ni kwamba kampuni zimezoea kufunga katika furushi moja mambo mawili yasiyohusiana: marekebisho ya usalama, ambayo kila mtumiaji anayahitaji, na mabadiliko ya sura, ya mahali pa vitufe na ya masharti, ambayo mtumiaji hakuyaomba.

Haki inadai upande wa kampuni usikilizwe kwanza. Sasisho ni toleo jipya la programu linalochukua nafasi ya lile lililotangulia, na mara nyingi linatolewa kwa sababu imegunduliwa kasoro ambayo mhalifu angeweza kuitumia. Mfano ulio wazi ni wa Mei 2019, ilipobainika kwamba udhaifu katika sehemu ya simu za sauti ya WhatsApp ulikuwa umetumiwa kupenyeza Pegasus, programu ya ujasusi iliyotengenezwa na kampuni ya NSO ya Israeli, katika simu za watu ambao baadaye walitajwa kuwa wapatao 1,400, na kwamba ilitosha simu ipigwe tu, hata mlengwa asipoipokea. WhatsApp, ambayo wakati huo ilikuwa na watumiaji wapatao bilioni 1.5, iliwasihi wote wasasishe. Mwaka uliofuata, katikati ya janga la Korona, Zoom ilitangaza kwamba baada ya tarehe 30 Mei 2020 hakuna ambaye angejiunga na mkutano akiwa na toleo lililo chini ya 5.0, kwa kuwa toleo hilo ndilo lililoleta usimbaji imara zaidi, yaani njia ya kuyaficha mazungumzo yasisomeke na asiyehusika. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha Egerton au Kabarak ambaye angezuiwa kuingia darasani kwa sababu hiyo angekuwa na haki ya kukasirika, lakini asingekuwa na hoja ya kuilaumu kampuni. Katika mambo ya namna hii mtumiaji mmoja aliyekataa kusasisha huwahatarisha wenzake, na kumlazimisha si uonevu.

Laiti masasisho yote yangekuwa hivyo, makala haya yasingekuwa na la kusema. Historia ya Skype, programu iliyowafundisha Wakenya wengi kwamba ng'ambo inaweza kupigiwa simu bila gharama ya kuogofya, inaonyesha kwamba mambo yamekuwa tofauti tangu mapema. Skype ilizinduliwa mwaka 2003 na Niklas Zennström wa Uswidi na Janus Friis wa Denmark, kwa msaada wa waandishi wa programu kutoka Estonia, na katika miji ya Kenya ilitumiwa zaidi kwenye saiba, yaani vibanda vya intaneti vilivyokodisha kompyuta kwa dakika, enzi ambazo mawasiliano yalipitia setilaiti na sauti ilichelewa kufika, hadi nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009. Mfumo wake wa awali haukutegemea mitambo mikubwa ya kampuni bali kompyuta za watumiaji wenyewe, ambazo zile zenye nguvu zaidi zilisaidia kuunganisha nyingine bila wenyewe kujua. Tarehe 16 Agosti 2007 kompyuta nyingi duniani zilijizima na kujiwasha baada ya kupokea sasisho la Windows, zote zikajaribu kuingia Skype kwa pamoja, kasoro iliyokuwa imejificha ikajitokeza, na huduma ikayumba kwa takriban siku mbili. Tarehe 22 Desemba 2010, siku tatu kabla ya Krismasi, wakati ambapo familia zilizotawanyika hutafutana, mitambo michache ilielemewa na kuchelewa kujibu, na toleo la Skype lililokuwa na namba 5.0.0.152 kwenye Windows likashindwa kuvumilia ucheleweshaji huo na kuanguka. Kwa kuwa karibu nusu ya watumiaji walikuwa na toleo hilo, mtandao wote ulilala kwa karibu siku nzima. Programu za waliobaki na toleo la zamani la 4.0 hazikuanguka. Kasoro ilitokana na sasisho, si na toleo la zamani, jambo ambalo linafaa kukumbukwa kila inapodaiwa kwamba lililo jipya ndilo lililo salama.

Microsoft iliinunua Skype mwaka 2011 kwa dola bilioni 8.5, na mwaka 2017 ikaipa sura mpya iliyoiga mitandao ya picha, ikiwa na sehemu ya kuonyesha matukio ya siku ya mtumiaji, ilhali aliyeifungua alitaka tu kumpigia ndugu yake. Malalamiko yalikuwa mengi. Mwaka 2018 kampuni ilitangaza kwamba toleo la zamani la namba 7, ambalo wengi walilishikilia kwa makusudi, lingezimwa tarehe 1 Septemba. Kelele zikaifanya isogeze tarehe. Kisha ikakiri yenyewe kwamba katika sura hiyo mpya kupiga simu kulikuwa kumezidi kuwa kugumu, ikaiondoa sehemu ile ya matukio ya siku, na bado toleo la zamani la kompyuta likazimwa kuanzia tarehe 1 Novemba. Itakuwa ni kutia chumvi kusema kwamba Skype iliuawa na sasisho hilo, kwani WhatsApp ilikuwa imeanza kutoa simu za sauti mwaka 2015 na za video mwaka 2016, na Zoom ikajitwalia mikutano ya wakati wa Korona. Hata hivyo, programu ambayo jina lake lilikuwa limegeuka kuwa kitenzi katika lugha nyingi ilifungwa kabisa tarehe 5 Mei 2025, na watumiaji wake wakaelekezwa Teams, bidhaa nyingine ya mwenye mali yuleyule.

Ili uzito wa jambo hili ueleweke, ni lazima kuitazama kwa karibu namna watu wengi wa vijijini walivyojifunza kutumia programu hizi. Mzee wa Kuresoi au mama wa Gilgil hakujifunza kwa kusoma maelekezo. Alifundishwa na mtoto au mjukuu aliyekuja likizo ya Desemba, na alichohifadhi kichwani si majina ya vitufe bali mahali pake: fungua hiki cha kijani, gusa hapa juu, mtafute huyu mwenye picha ya kanisa, kisha gusa kamera. Elimu hiyo ni ya mkono na jicho, na hufanya kazi vizuri miaka kwa miaka mradi kila kitu kikae kilipo. Mwaka 2024 WhatsApp iliuhamisha mstari wa gumzo, taarifa na simu kutoka juu ya skrini hadi chini kwenye simu za Android, na kwa kijana wa chuo mabadiliko hayo yalikuwa madogo mno, yaliyozoeleka kwa dakika moja. Kwa mzee aliyezoea kugusa juu, elimu yote ilifutwa kwa siku moja, na mwalimu wake yuko Doha, anayepaswa kupigiwa simu ili aeleze namna ya kupiga simu. Baadaye likaja duara la buluu la Meta AI, yaani mtambo wa kujibu maswali uliowekwa na kampuni ndani ya programu katika nchi moja baada ya nyingine, likakaa juu kidogo ya mahali ambapo kidole hupita kila siku, na kampuni haikuweka kitufe cha kuliondoa. Mtu aliyefungua simu amwite mwanawe hujikuta anaulizwa na mashine anataka kusaidiwa nini.

Kuna wanaosema kwamba watu wa aina hiyo ni wachache na wanaendelea kupungua. Hoja hiyo haina uzito, kwani wao ndio wanaoihitaji simu ya video kuliko wengine wote: wasioweza kusafiri, wasioandika ujumbe kwa urahisi, ambao uso wa mtoto kwenye skrini ndiyo ziara waliyoipata mwaka huu.

Gharama nayo ina sura yake katika eneo hili. Katika mitaa kama Milimani na Section 58 ya jiji la Nakuru, zilikofika nyaya za faiba, sasisho hushuka kupitia Wi-Fi na mwenye nyumba hahisi chochote. Nje ya mitaa hiyo intaneti hununuliwa kwa bando, mara nyingi la siku moja au la saa chache, na kila megabaiti ina bei. Duka la programu la Google humruhusu mtumiaji kuagiza kwamba masasisho yashuke kwenye Wi-Fi pekee, lakini ruhusa hiyo haina maana kwa asiye na Wi-Fi, kwa sababu WhatsApp huyapa matoleo yake muda wa kuishi, na muda huo ukipita programu hugoma kufunguka hadi isasishwe, hata kama mwenye simu yuko sokoni na amebakiwa na bando la kupiga simu moja tu. Wanafunzi wanaounganisha kompyuta kwenye hotspoti ya simu ya mwenzao wanaujua ubaya mwingine: kompyuta mara nyingi huichukulia hotspoti hiyo kuwa Wi-Fi ya kawaida, huanza kushusha masasisho iliyokuwa ikiyaahirisha, na bando la mwenzao humalizika kabla somo halijaanza. Ifahamike pia kwamba Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 kwenye huduma za simu na data, juu yake kukiwa na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, kwa hiyo duara la Meta AI lisiloombwa na mtu limelipiwa kodi kikamilifu na mkulima wa Molo.

Hifadhi ya simu ni tatizo la pili. Simu nyingi zilizoingia vijijini ni za bei nafuu, zikiwemo zile za mpango wa Lipa Mdogo Mdogo ambao Safaricom na Google waliuanzisha mwaka 2020, ambapo mnunuzi alilipa kidogo kidogo kwa siku. Simu ya aina hiyo huja na hifadhi ndogo ambayo sehemu kubwa imekwisha kuchukuliwa na mfumo wenyewe, na kila toleo jipya la programu huwa zito kuliko lililotangulia, hadi siku inapofika ambapo memori imejaa na mwenye simu analazimika kuchagua kati ya picha za mazishi ya baba yake na sasisho. Mafundi wa simu wa mjini Nakuru hupata wateja wengi kwa sababu hiyo hasa, na dawa wanayoitoa ni kufuta. Wengine, kwa kuchoka, hupewa matoleo ya bandia ya WhatsApp yanayojulikana kama GB, yanayomruhusu mtu kupanga sura atakavyo, lakini ambayo yametengenezwa na watu wasiojulikana, hayana dhamana yoyote ya usalama, na kampuni huwafungia akaunti wanaoyatumia. Kwa maneno mengine, sasisho la lazima lililodaiwa kumlinda mtumiaji humsukuma mikononi mwa hatari kubwa zaidi. Kisha kuna kukatwa kabisa: simu za Nokia za mfumo wa S40 zilikatiwa WhatsApp mwishoni mwa mwaka 2018, na kuanzia Oktoba 2023 simu za Android zilizo chini ya toleo la 5.0 nazo zikaachwa. Simu yenyewe haijaharibika, betri inakaa, spika inasikika, ila imetangazwa kuwa mfu na ofisi iliyo California.

Jibu la haraka kwa haya yote ni kwamba programu hizi hutolewa bure na asiyeridhika anaweza kuhama. Wanaolitoa jibu hilo hawajawahi kujaribu kukihamisha chama cha watu thelathini. Thamani ya programu ya mawasiliano haiko ndani ya programu bali iko kwa watu waliomo, na anayehama peke yake huhamia mahali pasipo na mtu wa kuongea naye. Kwa familia zenye watu Ghuba mambo ni magumu zaidi, kwani katika Muungano wa Falme za Kiarabu simu za sauti na video za WhatsApp zimezuiwa kwa miaka mingi, na wafanyakazi hulazimika kutumia programu zilizoidhinishwa huko kama BOTIM. Mama aliye Rongai, basi, huweka programu mbili au tatu kwa ajili ya watoto wawili, na kila moja inajisasisha kwa wakati wake na kwa sura yake. Januari 2021, WhatsApp ilipowatangazia watumiaji kwamba wakubali masharti mapya ya faragha kufikia tarehe 8 Februari, mamilioni ya watu duniani walijiandikisha katika programu za Signal na Telegram, kampuni ikasogeza tarehe hadi 15 Mei, na baada ya hapo wengi walirudi walikotoka au hawakuwahi kuondoka kabisa, kwa kuwa jamaa zao walikuwa bado huko.

Sheria za Kenya si tupu juu ya jambo hili. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupewa habari zinazohitajika ili anufaike nazo kikamilifu, pamoja na haki ya kulindwa kwa masilahi yake ya kiuchumi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mtu kuhusu habari zake iwe ya wazi, ya hiari na yenye ufahamu, na inaelekeza kwamba katika kupima uhuru wa ridhaa hiyo izingatiwe kama huduma imefungwa kwenye sharti la kukubali matumizi ya data yasiyo ya lazima kwa huduma hiyo. Nigeria ilitumia sheria zake mwaka 2024, tume yake ya ushindani na ulinzi wa watumiaji ilipoitoza Meta, kampuni inayomiliki WhatsApp, faini ya dola milioni 220 kwa masuala yaliyotokana na masharti yale ya mwaka 2021, na Aprili 2025 baraza la rufaa likaithibitisha. Lakini kesi hiyo inahusu data. Kuhusu sasisho lenyewe, kitufe kilichohamishwa na bando lililoliwa, sheria ya Kenya imenyamaza.

Mahali ambapo tofauti kati ya sasisho la usalama na mabadiliko mengine imeandikwa waziwazi ni Umoja wa Ulaya, katika maelekezo namba 2019/770 yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Maelekezo hayo yanamtaka mtoa huduma ya kidijitali ampe mtumiaji masasisho yanayohitajika ili huduma ibaki salama na yenye ubora ulioahidiwa, na kisha yanayashughulikia mabadiliko mengine kando: ni lazima mkataba uwe umeyaruhusu kwa sababu halali, yasimwongezee mtumiaji gharama, aarifiwe kwa lugha inayoeleweka, na yakimdhuru kwa kiwango kisicho kidogo, awe na haki ya kuvunja mkataba, isipokuwa kama ameachiwa nafasi ya kubaki na kile alichokuwa nacho bila malipo ya ziada. Utekelezaji wake una mapungufu, na haki ya kuvunja mkataba haimsaidii sana mtu ambaye jamaa zake wote wamo ndani ya mkataba huohuo, lakini msingi ni sahihi: fundi aliyeitwa kurekebisha kufuli hana ruhusa ya kupanga upya viti vya sebuleni, na akivipanga, mwenye nyumba ana haki ya kuvirudisha. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya na Mamlaka ya Ushindani hazihitaji kubuni kitu kipya ili kudai mambo matatu kutoka kwa programu zenye watumiaji wengi nchini: sasisho litangaze ukubwa wake na kilichobadilika, kwa Kiswahili na kwa maneno kamili badala ya ile sentensi ya kawaida kuhusu kuondoa hitilafu ndogondogo, la usalama litenganishwe na la sura, na la sura liwe na njia ya kurudi.

Kampuni zitajibu kwamba kutunza sura mbili za programu moja ni gharama isiyobebeka. Majirani wawili wa Kaptembwo wenye simu za aina moja na toleo lilelile la WhatsApp wanaweza kujibu kwa niaba ya wote, kwani mara nyingi mmoja huona kitufe kipya wiki kadhaa kabla ya mwenzake. Hilo hutokea kwa sababu kampuni hazifungui mabadiliko kwa watu wote siku moja. Huyajaribu kwanza kwa kundi dogo, huyawasha na kuyazima kutoka kwenye mitambo yao, na huendesha sura mbili au zaidi kwa wakati mmoja kadiri zinavyotaka kupima ni ipi inayowaweka watu ndani muda mrefu zaidi. Swichi ipo tayari, na inafanya kazi kila siku, ila imewekwa upande wa kampuni tu.